Anza na Kitenzi: Maswali ya Wanafunzi Wanaochora Vibonzo kwa Mkono

Barua za muhula huu zinalia kilio kimoja: mradi umetolewa, karatasi zimenunuliwa, wazo halipo. Tumechagua tano. Hesabu zote hapa chini zinafuata fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, kila mchoro ukipigwa fremu 2, yaani michoro 12 kwa sekunde.

Kila wazo ninalopata nimeshaliona mahali

*Shikamooni. Nasoma sanaa mwaka wa pili, Dar es Salaam. Tumepewa wiki 10 tutengeneze filamu ya vibonzo ya dakika 1, yote ichorwe kwa mkono kwenye karatasi. Wiki ya kwanza imekwisha na sina kitu. Kila hadithi ninayoifikiria naona inafanana na filamu nilizokwisha kuzitazama. Nianzie wapi?*

Marahaba. Hadithi iache kwanza. Ukikaa mezani na kujiuliza usimulie nini, kichwa kitakuletea kile kilichokishiba, nacho kimeshiba filamu za watu wengine. Tafuta mwendo. Dakika 1 haitoshi kumjulisha mtazamaji watu watatu na ugomvi wao, lakini inatosha sana kumwonyesha kitu kimoja kinachokwenda kwa namna ambayo hataki kuondoa macho.

Na kwa mwendo, lugha unayoizungumza kila siku imekuwekea akiba kubwa kwenye vitenzi vyake: kunyata, kuchechemea, kujikongoja, kupepesuka, kunyemelea, kusota, kuchupa. Chukua viwili tu. Anayechechemea na anayejikongoja wote wanatembea kwa taabu, ila ukiwachora utakuta ni filamu mbili. Anayechechemea ana mguu mmoja unaouma. Mguu huo hugusa chini kwa muda mfupi, mwili ukikimbilia mguu mzima. Hatua ya kawaida huchukua kama fremu 12. Yeye mpe fremu 8 kwa mguu unaouma na 16 kwa mguu mzima, na mtazamaji atayaona maumivu kabla hujachora uso. Anayejikongoja amechoka miguu yote miwili: nyayo haziinuki, zinaburuta, kiwiliwili kimetangulia mbele, fimbo inatua kabla ya mguu, na kila hatua inakula fremu 18 hadi 20. Ukimpa fremu 12 anakuwa kijana aliyevaa mavazi ya mzee.

Basi fanya hivi kwa siku 5. Kila siku nenda mahali ambapo watu wanarudia jambo lile lile: abiria wanaoshuka kwenye kivuko cha Kigamboni, soko la samaki la Feri asubuhi, kituo cha daladala jioni. Kaa dakika 40. Gawa kila ukurasa wa daftari visanduku 6, na kila kisanduku usikipe zaidi ya sekunde 30. Tanguliza mstari wa mgongo, ufuatie mguu uliobeba uzito, kisha mikono kama muda umebaki. Sura za watu achana nazo. Chini ya kila kisanduku andika kitenzi kimoja. Ukiandika "konda" umepata mtu. Ukiandika "ananing'inia" umepata mwendo. Kitenzi kisipokuja, ujue hukuangalia uzito uko wapi. Subiri mtu mwingine apite, uchore tena. Kurasa 6 kwa siku, kwa siku zote 5, zitakupa visanduku 180, na sehemu kubwa vitakuwa vibaya. Usivifute wala usivirembe nyumbani.

Siku ya sita chagua vitatu. Kila kimoja kichoree michoro 12 ya haraka, ipige picha kwa simu, na uifanye ijirudie mfululizo. Kile unachoweza kukitazama mara 20 bila kuchoka ndicho cha kufanyia kazi. Jipime kwa jicho hilo, kwa sababu utakaa nacho wiki nane.

Ukiwa na mwendo, bado unahitaji umbo la filamu, na hapo tunakushauri uende kwenye vitendawili. Kalamu inafanya jambo moja ambalo kamera haiwezi kwa urahisi: kugeuza kitu kuwa kitu kingine mbele ya macho. Kitendawili kazi yake ni hiyo hiyo. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai. "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni" ni njia. "Kila niendapo ananifuata" ni kivuli. Tena utegaji wenyewe una mpangilio wa filamu tayari: mmoja anatega, wengine wanabahatisha, wakishindwa wanatoa mji, halafu jibu. Chukua ile ya yai. Sekunde 8 za kwanza, mtu ananyata kuizunguka nyumba akipapasa ukuta, haoni mlango. Kuanzia sekunde ya 8 hadi ya 40, nyumba inageuka kila jibu lisilo sahihi: chungu kilichofunikwa, jiwe, ngoma, na kila mara yule mtu anagonga na kukataliwa. Sekunde 8 zinazofuata ni za mji: mandhari yote inavutwa mbali, karatasi inabaki nyeupe karibu tupu. Sekunde 12 za mwisho, ufa mmoja mwembamba unatokea, na mlango unafunguliwa kutoka ndani.

Kinachoharibu kazi ya aina hii ni mgeuko wa kivivu. Wanafunzi wengi huchora umbo la kwanza na la mwisho, kisha wanagawa katikati kwa kupima. Matokeo yake ni bonge lisilo na sura linalopita kwa nusu sekunde. Mchoro wa katikati uchore wa kwanza, kama umbo lenye heshima yake. Kati ya chungu na jiwe, kwa mfano, chora chungu kilichoinama na kupoteza shingo. Weka nukta 6 kwenye ukingo wa umbo la kwanza, uzifuate nukta hizo hizo hadi umbo la mwisho, kila nukta ikipita njia ya mviringo badala ya kukata moja kwa moja. Fremu 16 hadi 24 zinatosha kwa mgeuko mmoja.

Hesabu ya kazi: sekunde 60 mara 12 ni michoro 720. Ukiongeza ya kuharibika, nunua rimu 2, yaani karatasi 1,000. Mtu aliyezoea humaliza michoro 20 hadi 30 safi kwa siku, hivyo tenga wiki ya 4 hadi ya 8 kwa kuchora tu. Wiki ya 3 piga picha za storibodi (michoro midogo inayoonyesha filamu tukio kwa tukio), zipange kwa muda wake kamili na uitazame filamu nzima ikiwa bado ni picha zilizosimama. Kama haieleweki hapo, michoro 720 haitaiokoa.

Vijana wa Forodhani wananishinda

*Assalaam alaykum. Nipo Unguja. Nimeamua mradi wangu uwe vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani jioni. Nimewarekodi kwa simu nikanakili video fremu kwa fremu, lakini wanaonekana wanaelea kama karatasi, na mistari inatetemeka. Nimekosea wapi?*

Wa alaykum salaam. Chaguo lako ni zuri mno: mchupo mmoja una kujiandaa, kupaa, kuning'inia, kuanguka na kupasua maji. Makosa ni mawili.

La kwanza ni la hesabu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Wewe unahitaji michoro 12, kwa hiyo ungelazimika kuchukua fremu moja kwa kila mbili na nusu. Nusu fremu haipo, na bila kujua umechukua baada ya 2, kisha baada ya 3, kisha 2 tena. Mwendo ukajikwaa. Mtetemo wa mistari unatoka kwingine: kila fremu umeinakili kivyake bila kuangalia ile iliyotangulia, hivyo bega likawa na upana mpya kila mara. Video itumie kama shahidi. Itazame polepole, chagua mikao 5 (amechutama, ametanuka, kileleni, amenyooka kichwa chini, vidole vya mkono vinagusa maji), kisha funga simu na uichore mikao hiyo kwa kichwa chako, ukiikuza kidogo kuliko ilivyokuwa. Michoro ya kati itoke kwenye hiyo mitano.

La pili ni nafasi kati ya mchoro na mchoro. Umeziacha sawa, ndiyo maana anaelea. Kitu kinachoanguka huongeza kasi kila wakati. Tuseme ukuta uko mita 3 juu ya maji, na kijana anaruka juu kama sentimita 40 kwanza. Kupanda kutamchukua fremu 7, na kutoka kileleni hadi majini fremu 20. Kwenye karatasi, kama anguko hilo lina urefu wa sentimita 16, ligawe kwa vipindi 4 vya fremu 5: kipindi cha kwanza anashuka sentimita 1, cha pili 3, cha tatu 5, cha nne 7. Moja, tatu, tano, saba. Andika namba hizo pembezoni mwa meza yako, utazitumia kwa embe linaloanguka, ndoo, machozi, chochote kile kizito. Kileleni michoro imebanana, na kule kubanana ndiko mtazamaji anakokuona kuwa ni kuning'inia hewani.

Kabla hajaruka mpe fremu 8 hadi 10 za kuchutama. Bila hizo ataonekana amevutwa na uzi.

Maji nayo yatazame kwa makini, maana wengi huyachora kama ua linalofumuka mara moja. Maji hurushwa mara mbili. Mwili unapoingia, taji la maji linafunguka kuelekea pembeni. Nyuma yake panabaki shimo, na shimo hilo linapojifunga, mchirizi mwembamba unaruka juu katikati, kijana akiwa tayari amezama. Kati ya hayo mawili acha fremu 3 au 4 za utulivu. Matone yanayorudi chini yanafuata moja-tatu-tano-saba ile ile.

Na kabla ya kumrekodi kijana yeyote, muombe ruhusa. Akiwa mtoto, muombe na mkubwa wake.

Kanga na Tingatinga: ni msukumo au ni kunakili?

*Hamjambo wahariri. Niko Mombasa. Nataka filamu yangu iwe na sura ya kwetu, nikafikiria kanga au uchoraji wa Tingatinga. Mwalimu ameniambia nisiwe mtu wa kubandika mapambo. Je, niache?*

Hatujambo. Usiache, ila mwalimu wako ana hoja. Ukichukua madoadoa ukamvalisha mnyama wako, umechukua kile kilicho rahisi kuona, na tena umejitafutia adhabu. Chui mwenye madoa 60 kwa michoro 12 ni madoa 720 kwa kila sekunde, na kwa kuwa hakuna doa litakalotua mahali pale pale, ngozi yote itachemka kwenye skrini.

Angalia muundo wa kitu badala ya rangi yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya mbao za mraba, na mara nyingi mnyama mmoja ndiye anayeujaza mraba wote. Hapo pana wazo la filamu: mnyama aliyeujaza mraba hana pa kugeukia. Anageukaje? Shingo inapita wapi? Mkia unakwenda nje ya fremu ukarudi upande gani? Maswali hayo ni ya mwendo, na huwezi kuyajibu kwa kunakili. Kama bado unayataka madoa, yachore mara moja kwenye karatasi ya chini isiyosogea, na mwili uwe dirisha linalopita juu yake.

Kanga ina zawadi kubwa zaidi. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yanayokaa chini. Hiyo ni fremu ya filamu iliyokwisha kupangwa. Pindo unalichora mara moja tu kwa filamu nzima, na tayari umepunguza eneo la kuchora. Mwendo wote unakaa mjini. Jina halitokei mpaka sekunde chache za mwisho, nalo linabadilisha maana ya kile mtazamaji alichokiona. Tuchukue jina linalojulikana sana, "Japo sipati tamaa sikati". Paka chini ya samaki aliyetundikwa, akijaribu namna tano, kila mara akikosa kwa unene wa kucha, na anajilamba kana kwamba hakutaka. Hakuna atakayeuliza kama umenakili, kwa sababu paka ni wako, na maneno ya kanga yanafanya kazi ile ile yanayoifanya mwilini mwa mvaaji: kusema kile ambacho mdomo haukusema. Pindo lichore lako mwenyewe. Usichukue la kanga iliyopo dukani, maana lina mwenyewe.

Sina meza ya mwanga, na umeme haueleweki

*Naandika kutoka Kigoma. Sina meza ya mwanga, ile yenye kioo kinachomulikwa kutoka chini, wala kamera, na umeme ukikatika usiku nakaa bure. Je, nichague wazo la aina gani?*

Wazo linaloendana na vifaa ulivyonavyo. Njia ziko mbili.

Ukitaka karatasi nyingi, tatizo la kwanza ni kuzifanya zikae mahali pamoja. Panchi ya kawaida ya ofisini hutoboa matundu mawili yenye upana wa milimita 6, kutoka kitovu hadi kitovu milimita 80. Tafuta vijiti vya mviringo vya milimita 6 (penseli ni nene mno), kata vipande viwili vya urefu wa milimita 8, uvigandishe kwenye ubao mwembamba ukiwa umeshavivisha karatasi iliyotobolewa ili umbali ujipime wenyewe. Vikae upande wa chini, mkono usiochora upate kupindua karatasi 4 kati ya vidole na kuuona mwendo. Usitoboe zaidi ya karatasi 5 kwa pamoja. Za chini huteleza, na kosa la milimita 1 kwenye skrini ni mruko. Mchana tumia kioo cha dirisha. Usiku, weka kioo juu ya marundo mawili ya vitabu na tochi ya kuchaji chini yake, karatasi nyeupe ikiwa imetandikwa chini ya tochi ili mwanga usambae. Karatasi ya gramu 70 huonyesha vizuri kuliko ya 80.

Njia ya pili haihitaji kioo wala rimu. William Kentridge, msanii wa Johannesburg, ametengeneza filamu tangu mwaka 1989 kwa kuchora na mkaa kwenye karatasi ile ile: anapiga picha, anafuta kidogo, anaongeza, anapiga tena. Kilichofutwa huacha kivuli chake, kwa hiyo njia hii inafaa vitu vinavyoacha alama vinapopita, kama moshi, mawimbi au usiku. Nawe unaishi kando ya ziwa ambalo wavuvi wa dagaa huwasha taa usiku. Chukua karatasi nene ya A3, ipake mkaa yote iwe nyeusi, na uchore kwa kifutio: taa moja, ya pili, mstari wa taa unaoyumba na maji. Kila taa inaposogea unaifunika kwa mkaa na kufungua nyingine pembeni, na ule weupe hafifu unaobaki nyuma ni mwanga juu ya maji. Simu ifunge kwenye stendi isiyoguswa, funga fokasi na mwangaza visijibadilishe vyenyewe, na upige picha mchana kwenye chumba chenye mwanga usiobadilika. Wingu likipita juu ya dirisha wakati unapiga, filamu itapepesa, kwa hiyo subiri lipite. Hapa kosa halifutiki lote. Jaribu sekunde 3 kwanza kwenye karatasi ya kutupa.

Wiki ya tano, wazo limenichosha

*Nipo Arusha. Nimeshachora michoro 250 na sasa naliona wazo langu ni la kitoto. Nianze upya?*

Hapana. Michoro 250 ni zaidi ya sekunde 20, na wiki zilizobaki hazitoshi kuilipa. Kinachochosha mara nyingi ni sehemu moja isiyoeleweka ambayo unaendelea kuchora kuizunguka. Ipate: unganisha ulichonacho, weka picha za storibodi penye mapengo, kisha uwaonyeshe bila sauti watu watatu ambao hujawahi kuwasimulia. Usiwaulize kama wameipenda, kwa kuwa watakuridhisha. Waulize wameona nini, na uandike maneno yao kama walivyoyasema. Pale ambapo wawili kati ya watatu wamepotea, kuna mkao unaokosekana, mara nyingi ule wa kujiandaa kabla ya tendo. Wengine hugundua kuwa filamu yao inaanza sekunde 10 baada ya pale walipoianzisha. Kata hizo 10, na umejipunguzia michoro 120 ambayo bado hujaisafisha.

Karatasi za sehemu uliyoikata usizitupe. Matundu yake yameshatobolewa. Zigeuze upande wa pili, zitakufaa kwa majaribio ya wiki zinazobaki.